Nimealikwa harusi ya mfanyakazi mwenzangu huku Japani, nisaidieni nisimwangushe

Binti wa Hamamatsu

Habari zenu wapendwa. Nina jambo limeninyima usingizi wiki nzima, naomba walioishi Japani muda mrefu wanishike mkono.

Ninaishi Hamamatsu, mkoa wa Shizuoka, huu ni mwaka wa tatu. Nafanya kazi kiwandani, idara ya ukaguzi wa ubora. Tunapima vipande vya chuma na kujaza fomu, basi. Dada ninayekaa naye meza moja anaolewa Jumamosi moja ya mwezi ujao. Juzi alinivuta kwenye ngazi wakati wenzetu wamekwenda kula, akanikabidhi kadi ya mwaliko kwa mikono miwili. Halafu akaniomba na la pili: nisimame siku hiyo niseme maneno ya dakika 3. Akasema, "Ukipenda, changanya na Kiswahili."

Nililia palepale kwenye ngazi. Nieleze huyu dada ni nani kwangu, ndipo mtaelewa kwa nini naogopa.

Nilifika hapa Oktoba, na baridi ya kwanza ikanikuta hata lebo ya sanduku siwezi kuisoma. Wanaoijua Hamamatsu wanaujua ule upepo mkavu wa majira ya baridi, wenyewe wanauita karakkaze. Theluji ni nadra, ila upepo unakupita mwilini kama hukuvaa koti. Februari nikakosea fomu. Niliandika vipimo vya kundi moja kwenye safu ya kundi jingine, ikabidi masanduku 12 yafunguliwe na kila kipande kipimwe upya. Hakuna aliyenifokea. Ila idara nzima ilibaki kazini mpaka saa mbili usiku kwa kosa langu, na ule ukimya wao uliniuma kuliko kufokewa. Usiku ule nikatafuta bei ya tiketi ya kurudi nyumbani. Asubuhi nikaenda kazini na barua ya kuacha kazi kwenye mfuko wa koti.

Mezani nikakuta daftari lenye jalada la buluu. Ndani, kwa penseli, ameandika kila neno la kanji, zile herufi zao ngumu, lililomo kwenye fomu zetu, juu yake ameweka hiragana, herufi zao rahisi za sauti, ndogo za kuonyesha linavyosomwa, na pembeni kamchoro: mahali pa kupima, mshale, upande wa kushika. Kurasa 38, nilizihesabu. Kurasa za mwisho mwandiko umelala upande mmoja, unaona kabisa mtu alikuwa anasinzia huku anaandika. Hakuniambia neno. Aliweka kopo la chai ya maziwa ya moto kutoka kwenye mashine ya vinywaji, akageukia kazi yake.

Ile barua sikuitoa mfukoni.

Sasa, nisaidieni. La kwanza ni pesa. Nasikia mgeni anatoa yeni 30,000. Wapendwa, hiyo ndiyo ninayotuma nyumbani kila mwezi kwa ada ya mdogo wangu. Nikitoa pungufu nitakuwa nimemdharau? La pili, nimeshanunua bahasha dukani, nzuri sana, ina nyuzi nyekundu na nyeupe zilizofungwa kama kipepeo. Inafaa? La tatu ni mavazi. Yeye huwa anashika vitenge vyangu na kuniuliza maua yake yana maana gani, kwa hiyo natamani nivae kitenge, ila naogopa nisije nikawavuta watu macho kwenye siku yake. La mwisho ni hotuba. Nimeshaiandika. Inaanza na ile siku niliyotaka kurudi nyumbani, kwa sababu hiyo ndiyo hadithi yetu, sina nyingine.

Mama Wawili, Saitama

Mdogo wangu, hongera. Nipo nchi hii mwaka wa kumi na nne na harusi za kazini nimehudhuria saba, kwa hiyo nitakwambia nilichoona kwa macho.

Kwanza kabisa, umeshajibu mwaliko? Ndani ya bahasha ya mwaliko mna kadi ya posta ya kujibia, imeshabandikwa stempu. Itume wiki hiihii, kwa sababu ukumbi unahesabu viti na chakula kwa kadi hizo. Na kuna namna yake. Kadi imechapwa kwa lugha ya kukuheshimu wewe, ina kile kiambishi "go" mbele ya "kuhudhuria", mbele ya "anwani" na mbele ya "jina". Hiyo heshima unaikataa wewe mwenyewe kwa kuifuta na mistari miwili iliyonyooka, kisha unazungushia duara "shusseki", yaani nitahudhuria. Kwenye jina ni herufi mbili za kufuta. Upande wa mbele, chini ya jina la mpokeaji, kuna herufi "yuki". Ifute hiyo pia, uandike "sama", neno la kumheshimu mpokeaji. Tumia wino mweusi mzito, penseli hapana. Ukiongeza neno la pongezi, usiweke nukta wala mkato. Alama hizo zinakata sentensi, na harusini hawapendi kitu kinachokata.

Bahasha uliyonunua usiipeleke. Nimeshtuka kwa ajili yako niliposoma neno kipepeo. Zile nyuzi zinaitwa mizuhiki, na fundo ndilo linalosema. Fundo la kipepeo ukivuta ncha linafunguka, unafunga tena, kwa hiyo ni la mambo ya heri yanayopendeza yakijirudia, mfano mtoto kuzaliwa au kuingia shule. Ndoa wanaiombea iwe mara moja. Tafuta bahasha yenye fundo lisilofunguka, musubikiri, au lile la awaji ambalo ukivuta ncha ndiyo linazidi kukaza. Hata duka la yeni 100 wanazo. Mfukoni mwake weka noti mpya zisizokunjwa. Msibani wanafanya kinyume, noti mpya haifai, maana ni kama ulijiandaa mtu afe. Harusini noti mpya inasema, "nilikuwa naisubiri siku yako." Dirisha la benki linafungwa saa tisa alasiri, kwa hiyo usiache mpaka Ijumaa jioni. Ukikwama, hoteli na kumbi nyingi za harusi huwa na noti mpya mapokezi, uliza.

Noti ya 10,000 ya sasa, ile iliyoanza kutoka Julai 2024, ina picha ya Shibusawa Eiichi. Picha itazame mbele na ikae juu kwenye ile bahasha ndogo ya ndani. Kisha mkunjo wa nyuma wa bahasha kubwa: ncha ya chini ndiyo ije juu ya ile ya juu, kama kiganja kinachopokea. Ukigeuza, umefunga bahasha ya msiba. Jina lako liandike kwa kalamu ya brashi, wino mweusi uliokolea, kwa katakana, herufi zao za kuandikia majina ya kigeni. Na usiishike mkononi njia nzima, ifunge kwenye kitambaa cha fukusa.

Kuhusu kiasi nitasema ukweli. Kwa mwenzako wa kazini 30,000 ndiyo kawaida, na sababu si majivuno. Maharusi wanalipia kiti chako, chakula chako na mfuko wa zawadi utakaotoka nao, na zile bahasha ndizo zinazowainua baada ya sherehe. Ukiweza, toa. Na ikiwa huwezi, zungumza naye. Aliyekuandikia kurasa 38 hawezi kukasirika.

Hotuba naomba uniruhusu niirudie baadaye, nina watoto wa kulisha. Ila lile neno "kurudi" usilitaje kabisa mpaka tuongee.

Kaka wa Toyohashi

Dada yangu, mimi ni jirani yako hapa, treni haifiki hata saa moja. Nampa heshima zote Mama Wawili, lakini kwenye pesa naomba niseme tofauti.

Mwaka wangu wa pili nilialikwa na kijana wa shifti yangu. Nilikuwa na yeni 20,000, hakuna zaidi. Mzee mmoja wa karakana akanifundisha: mbili ni namba inayogawanyika, maharusi wasije wakagawanyika nayo, kwa hiyo weka noti moja ya 10,000 na mbili za 5,000. Ziwe noti tatu. Nne na tisa usiziguse kabisa, moja inasikika kama kifo na nyingine kama mateso. Nilifanya hivyo na yule kijana mpaka leo ni rafiki yangu, nilikuwa naye wiki iliyopita.

Mdogo wako asikose ada kwa sababu ya bahasha. Hilo nalisema kwa moyo wangu wote. Wenyewe wanajua vijana wanatoa 20,000.

Mwanafunzi wa Sapporo

Naongeza kidogo tu kwa watakaosoma baadaye: huku Hokkaido harusi nyingi ni za kulipia kiingilio, kaihi. Kiasi kimeandikwa kwenye mwaliko wenyewe, unalipa mapokezi kama kilivyo, unapewa risiti ukitaka. Hakuna bahasha ya nyuzi. Niliipeleka, wakanionea huruma wakaipokea, nikaja kugundua ni mimi peke yangu. Someni mwaliko wenu kwanza. Hata ile sherehe ya pili ya usiku, nijikai, huwa ni ya kiingilio popote pale.

Mhudumu wa Ukumbi

Habari dada. Mimi nasoma Fukuoka, na wikendi kwa miaka miwili nimekuwa nabeba sahani kwenye ukumbi wa harusi. Nitakwambia yanavyoonekana kutoka upande wa jikoni.

Fika mapema. Jumamosi ikiangukia taian, siku ya heri kwenye mzunguko wao wa siku sita, ukumbi mmoja unaweza kuwa na harusi tatu, na kila dakika imeandikwa. Mapokezi ukifika, toa bahasha kwenye fukusa hapohapo mbele yao, igeuze ili anayepokea aweze kusoma jina lako, kisha itoe kwa mikono miwili huku ukisema hongera kwa siku ya leo: "Honjitsu wa omedeto gozaimasu." Utaandika jina kwenye kitabu cha wageni. Utapewa karatasi yenye ramani ya meza.

Hiyo ramani ndiyo ilinishangaza siku ya kwanza. Wazazi wa maharusi wanakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Meza za mbele, karibu na maharusi, ni za mabosi na wenzao wa kazini, halafu marafiki, halafu ndugu, wazazi mwisho. Wao ndio wenyeji, wageni ndio wanaopewa nafasi nzuri. Kwa hiyo wewe utakuwa mbele. Usishtuke, na usijaribu kuhamia nyuma kwa unyenyekevu. Nimewahi kumwona mgeni akifanya hivyo na tukahangaika na sahani zake za chakula mpaka mwisho.

Kinywaji mezani usikiguse mpaka kampai isemwe, yaani wote wainue glasi kwa pongezi. Kabla yake kuna hotuba ya mgeni rasmi, mara nyingi ni bosi. Kama hunywi pombe, tuambie, tunakuwekea chai ya ulong. Mfuko wa zawadi utaukuta kwenye kiti au miguuni, ni wako, uchukue. Ndani mara nyingi mna ile keki ya duara yenye pete kama za gogo la mti.

Kitenge vaa. Nguo ya heshima ya nchi ya mtu inapokelewa vizuri sana, na hao wageni ndio ninaowakumbuka mimi. Ila isiwe na ardhi nyeupe, maana nyeupe siku hiyo ni ya mtu mmoja tu. Mabega yafunikwe kama ni mchana, viatu vifunike vidole. Na michoro ya chui au ngozi ya mnyama acha, wanaihesabu kama kuleta mauaji harusini. Maua sawa.

Mama Wawili, Saitama

Nimerudi. Kaka wa Toyohashi, nimekusoma, na kwa mdogo wetu anayelipa ada siwezi kubishana nawe. Noti tatu zinazotimiza 20,000 ni njia ya heshima. Abaki nayo kama akiba.

Sasa hotuba. Mdogo wangu, kuna maneno ya Kijapani ambayo harusini hayatamkwi. Kukata, kuvunjika, kuachana, kwisha, kutoka, kuondoka. Na kurudi: modoru, kaeru. Bibi harusi akisikia "kurudi nyumbani" siku hiyo, maana yake ni kurudi kwa wazazi, ndoa imeshindikana. Ndiyo maana hata mshereheshaji hatasema sherehe "imekwisha", atasema "inafunguliwa". Utamsikia.

Kuna na maneno yanayojirudia, yanayoashiria ndoa ya pili. Hapo ndipo sisi tunaanguka, maana lugha yetu inapenda kurudiarudia na tukijifunza Kijapani tunayashika yaleyale haraka: tabitabi (mara kwa mara), masumasu (zaidi na zaidi), na "iroiro" (mambo mbalimbali) ambalo najua umelijaza kwenye karatasi yako, sote tunalijaza. Badala ya "iroiro osewa ni narimashita", sema "amenisaidia kwa mengi", taihen osewa ni narimashita. Pia ukieleza jinsi alivyojinyima, usiseme alikuwa "busy" kwa herufi ya isogashii, ndani yake mna alama ya kupotea na kufa. Kwa maandishi zaidi kuliko kwa mdomo, lakini wapo wazee wanaosikia.

Nimeifikiria hadithi yako tangu mchana, nikiwa napika. Sitaki uiache. Ni hadithi nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia kwenye harusi za huku, ambazo nyingi ni safari za shule na mitihani. Igeuze tu mlango wake. Usianze na siku uliyotaka kurudi. Anza na siku uliyoamua kukaa. Ni siku ileile, daftari lilelile. Barua na tiketi viache mfukoni, havikuwa vya kwake hata siku ile. Yeye alileta daftari na chai. Sema hivyo viwili.

Ukisimama, maharusi na wazazi nao watasimama kwa heshima. Waombe wakae kwanza, "dozo okake kudasai", ndipo uanze. Wengi husahau, na bibi harusi anabaki wima dakika 3 na gauni zito.

Halafu jambo la ofisini. Kama kuna wenzenu ambao hawakualikwa, usiitaje harusi mezani wala kwenye chumba cha chai. Alikupa kadi kwenye ngazi kwa sababu hiyo.

Binti wa Hamamatsu

Asanteni. Nimezisoma kwa sauti, peke yangu chumbani. "Iroiro" nimeikuta mara sita kwenye karatasi yangu.

Naandika upya leo usiku. Bahasha nitanunua nyingine kesho.

Binti wa Hamamatsu

Nimerudi kuwapa mrejesho, ilikuwa juzi Jumamosi. Samahani kwa urefu.

Nilivaa kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, mikono mirefu. Mapokezi walikuwa wasichana wawili, marafiki zake wa shule. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kufungua fukusa mbele ya kioo, lakini vidole vilitetemeka. Yule msichana aliisubiri bahasha kwa mikono miwili iliyonyooka, bila kuharakisha, akasoma jina langu la katakana polepole, silabi kwa silabi, kisha akainua macho: "Ah, wewe ndiye wa daftari." Kumbe alikuwa ameshawasimulia. Miaka yote hii nilidhani lile daftari analijua yeye na mimi tu.

Ibada ilikuwa kwenye kanisa dogo la ukumbi, na kwaya. Wao si Wakristo, na kisheria walishakuwa mume na mke tangu kiangazi walipopeleka fomu ofisi ya serikali ya wadi; ndivyo wengi wanavyofanya. Baadaye tukaingia ukumbini, na kweli, niliwekwa meza ya pili kutoka mbele pamoja na meneja wetu. Wazazi wake niliwaona mbali, karibu na mlango. Baba yake alikuwa ameweka mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Hotuba ya meneja ilikuwa ndefu. Yangu ilikuja baada ya supu. Nilisimama, nao wakasimama, nikasema "dozo okake kudasai", na nikamwona akivuta pumzi alipokaa. Mama Wawili, Mungu akubariki kwa sentensi ile moja.

Nilianza kwa Kiswahili: "Dada yangu, leo nakushukuru kwa lugha ya mama yangu." Ukumbi ukanyamaza. Halafu kwa Kijapani nikasema: nataka kuwaambia kuhusu siku niliyoamua kukaa Hamamatsu. Nikalitoa daftari kwenye mkoba, nikaliinua. Limechakaa sasa, kona za jalada zimekuwa nyeupe, na ukurasa wa 11 una doa la chai. Nikasoma mstari mmoja tu kutoka ndani yake, maelezo ya namna ya kushika kipande wakati wa kupima: shika kwa upole, usikaze, kisha soma namba. Nikasema ndivyo alivyonishika mimi. Nikamgeukia bwana harusi nikamwambia, umepata mtu anayejua kushika. Sikuwa nimeiandika hiyo, ilikuja yenyewe. Nikamaliza na "sue nagaku oshiawase ni", muwe na furaha daima, nikainama, nikakaa, na meneja wetu, ambaye kwa miaka mitatu sijawahi kumsikia akisema zaidi ya vipimo, alikuwa anafuta miwani.

Kilichonigusa kuliko hotuba yangu ni saa ya kwenda kubadilisha gauni. Mshereheshaji alimuuliza bibi harusi angependa nani amsindikize nje. Akasema, "Bibi." Bibi yake alikuwa amekaa kule nyuma, kimono nyeusi yenye michoro chini. Hakuelewa mara moja. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akajigusa kifuani kwa kidole, kama kuuliza, mimi? Wakatoka wameshikana mikono, hatua fupifupi, kwa sababu kimono inabana na gauni linaburuta, na kila meza waliyoipita iliacha kula. Bibi alikuwa anainama kila meza. Kila meza.

Wazazi nao wakazunguka kuwamiminia wageni. Mama yake alipofika kwetu, alimwinamia meneja, akaja kwangu na chupa ya chai ya ulong, mtu alikuwa ameshamwambia sinywi pombe. Akamimina huku ameshika chupa kwa mikono miwili, akasema asante kwa kumtunza binti yangu siku zote. Najua ni maneno ya adabu, kila mzazi anamwambia kila mfanyakazi mwenza. Ila mimi nilishindwa kujibu. Mimi kumtunza yeye? Nikasema tu, "Mama, ni yeye," na nikaonyesha daftari lililokuwa kando ya sahani. Akaliangalia. Akaniuliza kama anaweza kulishika. Akafungua kurasa za mwisho, pale mwandiko unapolala, akapitisha kidole juu ya penseli, akasema, "Siku hiyo alikosa hata chakula cha jioni. Nilimgombeza."

Akalifunga, akanirudishia kwa mikono miwili, akaenda meza inayofuata.

Kaka wa Toyohashi

Dada, nimesoma nikiwa kwenye treni, imebidi nigeukie dirishani. Bahasha uliamuaje?

Binti wa Hamamatsu

30,000, kaka. Nilikuwa nimezitenga zile noti tatu zako tayari. Kisha nikampigia mdogo wangu nikamweleza, akaniuliza swali moja tu, ndiye yule aliyekuandikia daftari? Akaenda mwenyewe kuzungumza shuleni, wamekubali nusu sasa na nusu mwezi ujao.

Mama Wawili, Saitama

Nimefurahi mpaka nimeshindwa kuandika mapema. Na ile bahasha ya kipepeo usiitupe!

Binti wa Hamamatsu

Sijaitupa, mama. Ipo kwenye droo, kwenye plastiki yake. Dada wa mapokezi kazini kwetu anajifungua Machi.